Kitenge cha Chini ya Sanduku

Cyprian alimpenda Huguette kabla hajajua kumpiga picha. Laiti angebaki vile vile, mjinga wa kamera, pengine leo wangekuwa wanagombana jikoni kama wake na waume wengine.

Mwaka ule wa 2014 alikuwa fundi wa simu katika kibanda cha mjini Durban, hatua chache kutoka West Street. Kwao Bukoba. Mlangoni pa kibanda chake alikuwa akikaa Mama Élisabeth, Mkongomani wa Uvira, na meza yake ya vitenge. Na jioni, shule ikitoka, alikuwa akija binti yake Huguette kumsaidia mama kukunja vitambaa. Huguette alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mkubwa kuliko wote darasani mwao. Miaka yake mingine ilimwagika njiani, kambini na mipakani, na alipofika Durban akaanzia nyuma, akikaa dawati moja na watoto. Hakuona haya. Sasa alikuwa matric, darasa la mwisho.

Walikuwa wakizungumza, yeye na Cyprian, kila jioni. Chaja. Mvua. Nyani wa Sydenham, mtaa wa kina Huguette, walioiba mkate mzima mezani. Akicheka, Huguette alikuwa akifunika mdomo kwa kitambaa chochote alichokuwa anakunja, na Cyprian akimwona hivyo husahau skrubu ipi ilitoka wapi. Lakini lile neno lenyewe, lile moja, hakulisema hata siku moja. Alijiambia, ngoja kwanza niwe mtu.

Siku moja Mama Élisabeth alikaa mezani kwake akilalamika.

"Ile photographe ya shule anataka bei ya harusi! Na picha ya matric si ya mchezo. Itakaa sebuleni mpaka nikufe."

Cyprian akatoa kichwa nje ya kibanda. "Mama, mimi nitampiga."

"Weye? Weye uko fundi ya simu, papa."

"Nina kamera."

Hakudanganya. Alikuwa nayo, ya mtumba, na haikuwa imemaliza hata mwezi mikononi mwake. Huguette alifunika mdomo kwa kitenge. Macho yakabaki nje.

"Acha anipige, mama," akasema. "Akiharibu, tutamcheka bure."

*

Kuanzia hapo Cyprian hakulala vizuri. Kila Jumapili alikuwa akijifunza kwa uso wa Chacha, mlinzi wa usiku aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Chacha ni mtu wa Tarime, mwenye uso usiotaka utani.

"Geuka kidogo. Kidevu chini. Usikaze."

"Nimekaa hapa kama maiti inayosubiri ndugu zake," Chacha akasema. "Unamaliza lini?"

"Mwanga bado."

"Mwanga uko wapi na umeme umekatika tangu asubuhi?"

"Mwanga wa dirisha ndio bora. Taa za studio sina, kwa hiyo dirisha ndiyo studio."

Alikuwa ameshona shuka mbili nyeupe ziwe pazia la kulainisha jua. Kwa kuurudisha mwanga upande wa kivuli alitumia ile ngao ya kung'aa ambayo watu huweka kwenye kioo cha gari. Chacha ndiye aliyetakiwa kuishika, huku ni yeye huyo huyo anayepigwa picha, na hapo walitukanana sana.

"Na mbona unanijia usoni?" Chacha akauliza. "Rudi nyuma, bwana. Vuta na mashine."

"Lenzi hii haivuti. Nimeipata rahisi kwa sababu hiyo. Ukitaka uso uwe karibu, unasogea mwenyewe."

Chacha akaishusha ngao. Kisha kwa mara ya kwanza Jumapili ile akacheka.

"Ahaa. Kwa hiyo umenunua mashine ya kukusogeza kwa binti wa watu."

"Nyamaza."

"Mwambie, Cyprian. Mdomo ni bure kuliko kamera."

"Nitamwambia kwa picha. Akijiona ninavyomwona, ataelewa."

Chacha akatikisa kichwa. "Kwetu mtu akitaka ng'ombe hachori ng'ombe."

*

Jumamosi ya kupiga picha alipanda Sydenham mapema, shuka begani na ngao ya gari kwapani kama mchuuzi wa mikeka. Alikuwa amekwisha kuwaelekeza: Huguette asipake mafuta yanayong'aa, asivae mistari, alale mapema. Kwanza blazer, lile koti la shule, halafu gauni jekundu ambalo rafiki yake aliahidi kumwazima.

Blazer nayo ilikuwa ya kuazima, kubwa kama ya mjomba. Cyprian akaomba vibanio vya nguo, akaibana mgongoni mpaka mbele ikakaa kama imeshonwa kwake.

"Nyuma niko kama kamba ya kuanikia," Huguette akasema.

"Nyuma hakuna atakayekuona."

"Weye unaniona."

Cyprian akainama, akajifanya anarekebisha mkanda wa kamera.

Mama Élisabeth alikaa kitini kama polisi, mikono juu ya tumbo. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimlea binti yake peke yake, na alikuwa amekwisha kusema mbele ya Cyprian, zaidi ya mara moja, akimwangalia machoni: "Mwanaume mzuri, bon, wako wengi. Mais mie nauliza: nani alimzaa? Nani atakuja kukaa chini na wajomba wakati kuko maneno? Mtu ambaye ukoo wake hauujui, utamshtaki kwa nani?" Kisha humpimia Cyprian chakula, kijiko cha juu kabisa. Ndivyo alivyokuwa.

Picha za blazer zikaisha. Gauni jekundu likawa halijafika. Huguette akapiga simu. Rafiki yake akasema eish, samahani, dada yake amelivaa kwenda nalo Queensburgh kwenye sherehe. Huguette akakaa chini, vibanio vikamchoma mgongo.

"Basi iishie hapo," akasema.

"Isiishie," Cyprian akasema. "Mwanga ndio kwanza umekuja. Mama, hamna kitambaa? Chochote chenye rangi."

"Angalieni sandukuni," Mama Élisabeth akaanza kusema, na pale pale kelele zikatoka nyumba ya chini. Nyani wameingia jikoni kwa jirani. Mama akanyakua ufagio na kuteremka ngazi akitukana kwa Kifaransa.

Wakabaki wawili. Huguette akafungua sanduku. Cyprian akapiga magoti kando yake, akapekua kwa uangalifu: shuka, mapazia ya zamani, vitenge vya kuuza vyenye harufu ya duka. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa karatasi, mkono wake ukagusa kitu kizito. Akakitoa. Kitenge cha super wax, kile cha bei ghali, buluu ya usiku, chenye ndege wa njano.

Akakifungua dirishani. Tangu anunue kamera alikuwa hajaona rangi inayokaa na mwanga namna ile.

"Hiki," akasema.

Huguette hakukishika. "Hiki?"

"Hiki hiki. Rangi hii ngozi yako ilikuwa inaitafuta."

"Cyprian." Sauti yake ilishuka. "Unataka mie nivae hiki."

"Nataka."

"Na mama akirudi akanikuta nacho?"

"Atafurahi."

"Atafurahi," Huguette akarudia taratibu. "Hiyo ni kweli. Atafurahi sana." Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Na weye? Weye utafurahi?"

Cyprian alikuwa amekwisha kugeukia dirisha, anaivuta shuka, anaangalia jua lisimponyoke.

"Mimi nitafurahi kuliko wote. Vaa, Huguette. Haraka, mwanga unaondoka."

Aliingia chumbani. Alikaa muda mrefu kuliko inavyohitaji kufunga kitenge. Alipotoka, kipande kimoja kiunoni na kingine begani, shuka ikamponyoka Cyprian mkononi. Akamkalisha kando ya dirisha, akaegemeza ngao ya gari kwenye kiti, akasogea, kwa kuwa lenzi ilitaka asogee. Akasogea tena. Alikuwa karibu hata akaona nywele ndogo za kwenye paji la uso.

"Usitabasamu. Niangalie tu."

Akamwangalia.

Ah, alimwangalia! Macho yale yalipita kwenye kioo cha kamera kama hakipo, yakamkuta Cyprian alikojificha. Kulikuwa na maji ndani yake, lakini hayakumwagika. Cyprian akabonyeza, akabonyeza, akisema moyoni: ameelewa, sasa ameelewa. Akadhani anaona mapenzi. Hakukosea. Ila hakujua kwamba ndivyo anavyotazama mtu anayefunga mlango huku angali akiangalia ndani.

Mama Élisabeth akaingia na ufagio. Akaona. Ufagio ukaanguka sakafuni.

"Yesu wangu!" Akashika kinywa. "Huguette! Umekivaa? Weye mwenyewe?"

"Mie mwenyewe, mama."

Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakasahau nyani. Akamkumbatia binti, akalia begani pake, juu ya ndege wa njano. Kisha akamgeukia Cyprian, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumbusu paji la uso.

"Papa, Mungu atakulipa! Piga ingine! Piga zote!"

Siku hiyo Cyprian alikula fufu na sombe, ule ugali na kisamvu cha Kikongo, na samaki mzima, kisha akamtilia mama picha zote kwenye simu. Huguette hakukaa mezani. Alisema kichwa kinamuuma.

Jioni Cyprian alimkuta Chacha anavaa sare ya kazini.

"Kaka, mama mkwe amenibusu."

"Binti je?"

"Binti ameniangalia."

"Umemwambia?"

"Hakuna haja tena," Cyprian akasema, akacheka peke yake gizani, umeme umekatika.

*

Mama Élisabeth alikuja kibandani Jumatatu na soda mbili za baridi. Cyprian alikuwa na simu ya mtu mkononi, imefunguliwa mgongo.

"Kunywa, mwanangu. Wamepokea!"

"Nani, mama?"

"Banafamilia ya Séverin, kule Australia. Mama yake amelia kwa simu, papa, amelia! Anasema: ona ile macho, binti anampenda mwanangu hata hajamwona. Baba yake ameshapigia wajomba Uvira. Kitambaa kilikaa kwa sanduku tangu Pâques, ile Pasaka. Mie namwambia Huguette vaa, yeye hapana. Namwambia jibu watu, yeye hapana. Kwetu mchumba akituma kitambaa, binti akikivaa akaonekana, amejibu. Asipokivaa, kinarudi. Nilikuwa nakaribia kukirudisha kwa haya! Halafu weye, mtu wa Mungu, unakuja na mashine yako, na yeye anavaa bila mtu kumlazimisha."

Skrubu ilimtoka Cyprian vidoleni ikapotea chini ya meza. Hakuitafuta.

"Séverin," akasema.

"Mtu wa heshima. Babu yake na baba yangu walilima pamoja." Akampiga bega. "Kunywa basi, soda inapata moto."

*

Jioni hiyo hiyo alimkuta Huguette kwenye bustani ya mimea, Botanic Gardens, ambako alikuwa akijisomea mtihani. Alikuwa kwenye benchi, kitabu cha biolojia mapajani. Alipomwona hakufunika mdomo.

"Sikujua," Cyprian akasema akiwa bado amesimama.

"Hukujua nini?"

"Kitenge. Sikujua ni cha posa. Naapa, Huguette. Kwetu kitenge ni kitenge, mtu anakivaa anakwenda sokoni."

Huguette akainua macho kutoka kitabuni. Kisha akacheka, kicheko kidogo kibaya ambacho Cyprian hakuwahi kukisikia kwake.

"Hukujua. Unakaa mlangoni kwa mama yangu, unakula sombe yetu, unasikia wanawake wanasema pale mezani fulani amevaa, fulani amerudisha. Hukujua."

"Nilidhani wanaongea biashara."

"Nilikuuliza, Cyprian. Nilikuuliza, unataka nivae hiki? Nikakuuliza mama akinikuta? Nikakuuliza na weye utafurahi? Hata mtu wa mahakama haulizwi hivyo. Nikasema, bon, huyu mwanaume iko na adabu. Hawezi kuniambia kwa mdomo niende, ananiambia kwa kitambaa. Amechoka kusubiri, au hajawahi kunitaka, mie ndiye nimejidanganya."

"Nilikuwa naangalia mwanga."

"Najua. Sasa najua."

Cyprian akakaa upande wa pili wa benchi. Kitabu kilikuwa wazi kwenye mchoro wa jicho, ukiwa na mishale na majina.

"Mwambie mama ilikuwa makosa," akasema. "Mwambie ni mimi niliyekichagua."

"Nimwambie nilikivaa kwa ajili ya fundi wa simu? Amepiga vigelegele mtaa mzima. Jana kanisani amesimama ametoa ushuhuda. Kukivua sasa ni kumvua mama nguo mbele ya watu."

"Kataa, Huguette."

"Kwa nini nikatae? Nipe sababu. Toa mdomoni."

Upepo ulifungua kurasa za kitabu, naye akazibana kwa kiganja. Cyprian akamgeukia.

"Nilitaka kwanza niwe na mahali. Studio ndogo. Nije kwa mama yako na kitu mkononi, na watu wangu kutoka Bukoba, wasiseme sina..."

"Sikuuliza ulitaka kuwa na nini."

"Nakupenda."

Likatoka. Neno la mwaka mzima, likatoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa. Machozi yakamjaa Huguette, na safari hii yalimwagika, akayaacha.

"Leo," akasema.

"Leo."

"Kitambaa kile kililala chini ya sanduku miezi yote. Mama ananinunia, hanipi salamu asubuhi, mie sikigusi. Unajua nilikuwa nakataa kwa ajili ya nani? Ya mwanaume ambaye hajaniambia kitu. Nilikuwa nabishana na mama kwa ajili ya macho yako tu, Cyprian. Macho! Ungesema hilo neno Jumamosi, hata kwa sauti ya chini, ningekirudisha kwa mfuko wake na kumngoja mama pale mlangoni, nimwambie usoni. Nilikuwa tayari. Weye ukasema haraka, mwanga unaondoka."

"Bado hujaondoka."

"Nani? Mie?" Akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Nitaondoka. Mtu asiyenijua ametuma kitambaa kuvuka bahari nzima, amengoja jibu. Yule aliyekuwa hatua tatu hakuuliza. Siyo kwamba nampenda. Mie nimechoka kusubiri peke yangu."

"Huguette..."

"Usinishike hapa. Watu wa kanisa wanapita."

Akafunga kitabu, akasimama. Akaenda hatua chache, akarudi.

"Ile picha ya blazer. Yenye vibanio nyuma. Nipigie chapa hiyo, niwekee kwa mama. Hiyo ndiyo yangu."

"Na ile nyingine?"

"Ile ingine ni yenu," akasema. "Yako na mama na Séverin."

Na akateremka njia ya bustani na kitabu kifuani, bila kugeuka. Cyprian hakumfuata. 

*

Huguette alifaulu mtihani. Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, karatasi zake zilitoka, akapanda ndege kwenda Australia. Ile picha ya buluu ikabaki ukutani kwa Mama Élisabeth, kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu, na ile ya blazer chini yake. Kila mgeni alisimama mbele ya ile kubwa. Kila mwenye binti aliuliza: nani alipiga?

Ndivyo Cyprian alivyopata studio. Chumba kimoja, dirisha moja kubwa, taa mbili, na lenzi mpya inayovuta. Hana haja tena ya kumsogelea mtu.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Queensburgh na binti yake wa matric, mrefu, mwenye kutafuna chingamu. Binti amefunga kitenge chekundu.

"Nataka mumpige kama yule wa Mama Élisabeth," mama akasema. "Hasa yale macho. Yale macho mlifanyaje?"

 Cyprian alimwendea binti, akainama kidogo, akamuuliza lile swali ambalo huwauliza wote siku hizi kabla ya kugusa kamera.

"Dada, kitenge hiki kimetoka kwa nani?"

Binti akamshangaa. "Kwa nani? Ni changu. Nimekinunua mwenyewe sokoni."

"Una hakika?"

"Eish, kaka, kwani ni cha wizi?"

"Sawa." Akarudi nyuma, nyuma kabisa, mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Basi angalia hapa."

Binti akaangalia kamera, vizuri, kama alivyoambiwa.

"Bado," mama akalalamika. "Yule hakuangalia hivi. Mwambie aangalie kama yule."

"Mama," Cyprian akasema, jicho likiwa bado kwenye kioo, "yule hakuwa anaangalia kamera."

Akabonyeza.